Mzee Aliyeomba Atozwe Kodi ya Ndege

Ukiwa na ndege yako huku kwetu, hata kama ni kijindege cha kubeba mtu na mbwa wake, kaunti ya Almendra itakuja kuihesabu kila Januari. Haijali kama inaruka au imelala bandani na panya wamezalia kwenye kiti. Ni mali, na mali inatozwa kodi, na kodi inakwenda shuleni, kwa zimamoto na kwenye mifereji. Watu wananung'unika, wanalipa, halafu mwaka unaofuata wananung'unika tena.

Aliyekuwa akija kuzihesabu ni Lavonne Tuttle, mjukuu wa wachuma pamba waliohamia California kutoka Oklahoma na godoro juu ya gari. Alikuwa mwanamke mpana, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata pale alipokuwa na haki. Kwa muda mrefu alithamini matrekta na mitambo ya kukamulia maziwa, na kazi hiyo ilimkaa. Trekta ni trekta. Lina mwaka wake, lina bei yake, unaandika, unapewa kikombe cha kahawa, unaondoka. Kisha Hobart, mthamini wa ndege, akastaafu kwa sababu ya goti, na mkuu wa idara, Bwana Pruett, akamkabidhi Lavonne tochi ya Hobart na funguo za gari lake, akamwambia kwamba ndege ni matrekta yenye mabawa tu.

Pruett hakuwa amewahi kuingia kwenye banda la ndege maishani mwake. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye ndege yake ilikuwa kwetu na injini yake imepelekwa kutengenezwa kaunti jirani, na kaunti zote mbili zikamwandikia kodi. Kulikuwa na daktari wa meno aliyeapa kwamba ndege yake inaishi Oregon na huku huja kutembea tu, ingawa nyasi zilizokuwa chini yake zilishakufa kwa kukosa jua. Kuna ndege kuukuu ambazo zikionyeshwa kwa umma siku kadhaa kwa mwaka husamehewa kodi, na bibi mmoja akadai kwamba yake huonyeshwa kila siku, kwa sababu mlango wa banda lake hauna kufuli. Puto la hewa moto linahesabiwa kuwa ndege. Tiara kubwa ya kubeba mtu haihesabiwi. Lavonne alisoma kitabu cha mwongozo mpaka macho yakamuuma, na alipokifunga alihisi anajua machache kuliko alipokifungua.

Hobart, kwa huruma, alimwachia mambo mawili ambayo hayamo kitabuni. La kwanza, nenda siku za ukungu. Kodi inamhusu yule ambaye ndege yake iko hapa mwaka unapoanza, kwa hiyo wenye ndege wetu wana tabia ya kupata hamu ya kutembelea majimbo jirani mwishoni mwa Desemba, kwa kifungua kinywa, wanasema, cha siku tatu. Lakini ukungu wa bondeni ukishuka, haendi mtu popote. Siku hizo unawakuta wote wamesimama kwenye milango ya mabanda yao na vikombe mkononi, na wakimwona Lavonne anachomoza na tochi yake wanasema, "Kumbe Mungu naye ni mfanyakazi wa kaunti siku hizi."

La pili lilihusu watu wanaojenga ndege zao wenyewe, maana wapo, na ni wengi kuliko unavyodhani. Rundo la mbao na vyuma la mtu anayejifurahisha halina kodi. Ndege ina kodi. Sasa rundo linageuka ndege saa ngapi? Kitabu kinanyamaza. Hobart alikuwa na kipimo chake: kama mwenyewe anakaa ndani na kuunguruma kwa mdomo, bado ni rundo, injini ikiunguruma yenyewe, andika ndege.

Kwa kipimo hicho ndipo Lavonne alipokwama na mzee Gil Borba.

Mzee Borba alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtoto wa mfugaji aliyetoka kisiwa cha Terceira, huko Ureno, bila kitu mkononi. Katika ujana wake alijifunza kurusha ndege, lakini hakuwahi kuwa nayo, kwa kuwa ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku na hawajui sikukuu. Alipozeeka, bei ya maziwa ilipoanguka, aliuza ng'ombe, akauza na shamba kwa wakulima wa lozi, akawagawia watoto fedha, naye na mkewe wakahamia nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya binti yao. Sisi huku tunajua kinachowapata wafugaji wakiuza ng'ombe. Wanaamka saa tisa alfajiri, wanakuta hakuna cha kufanya, na wengi hawamalizi mwaka. Mzee Borba alimaliza. Alikodi banda kiwanjani, akanunua michoro na mbao, akaanza kujenga.

Kila Januari Lavonne alimkuta humo, amevaa kofia ya sufu, mikono imeganda gundi. Mzee alimwonyesha kila ubavu wa bawa kwa jina kama aliyekuwa akimwonyesha ndama. Miaka mingine alikuta bawa moja, miaka mingine bawa lilelile limevunjwa na kuanzwa upya kwa sababu halikumridhisha. Lavonne aliandika vifaa, haijakamilika, thamani hakuna, wakaagana vizuri.

Hata Januari moja, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba Lavonne alihesabu milango ya mabanda kwa kupapasa, alikuta ndege imesimama kwa magurudumu yake, nyeupe, mabawa yamefungwa, ina mstari mmoja wa buluu ubavuni. Mzee Borba alifungua milango ya banda. Aliisukuma hadi nje, akaweka vizuizi kwenye magurudumu, akazungusha propela kwa mkono. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika, na ukungu ukaanza kurudi nyuma. Watu wa mabanda mengine walitoka kutazama. Mzee aliizima, akafuta mikono kwa kitambaa, akamtazama Lavonne kama mwanafunzi anayengoja alama, akasema haya, andika.

Lavonne alikwenda kwenye gari lake kuandika. Alikuta mama Connie, mke wa mzee, amesimama kando ya mlango, amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa taulo la jikoni. Jina lake hasa ni Conceição, ila ni mumewe tu anayehangaika kulitamka lote.

"Umeshaandika, mwanangu?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi usiandike ndege."

Lavonne alidhani ni habari ya pesa. Akamwambia kwamba kodi ya kijindege kama kile si kubwa, ni dola mia tatu hivi kwa mwaka, na kwamba inaweza kulipwa kidogo kidogo.

"Nani kakuambia habari ya pesa?" alisema mama Connie. "Sasa hivi anajifanya kuna skrubu hii na ile. Anaogopa, ila hawezi kusema. Akipata karatasi ya serikali inayosema ni ndege, ataniambia hata serikali imekubali, na ataipanda. Moyo wake una vyuma ndani, unajua hilo? Nimemtoa kwenye ng'ombe akiwa hai, mwanangu. Niachie mzee wangu."

Akamwekea Lavonne taulo mikononi. Ulikuwa mkate mtamu wa kwao, bado una moto. Lavonne aliketi garini, mkate mapajani, kioo kikiingia mvuke, na hakujua ashike lipi. Kazi yake ilikuwa kuandika alichokiona. Lakini ni nani angeumia? Hakuna mtu katika kaunti nzima aliyewahi kulalamika kwa kuandikiwa sifuri. Watu wanabeba ndege zao hadi jimbo jingine kuitafuta hiyo sifuri. Alijisemea kwamba ni mwaka mmoja tu, mpaka mama atulize moyo. Akaandika vifaa, haijakamilika.

Njia nzima kurudi ofisini alijisikia mtu mwema, na alikula nusu ya mkate ule kabla hajafika.

Januari iliyofuata alikwenda kwenye lile banda na wasiwasi, akijiuliza atasema nini safari hii. Alipofungua mlango alishusha pumzi. Mabawa yalikuwa yamefunguliwa na kulazwa kwenye meza, kitambaa kilichoyafunika kimebanduliwa, mbavu za mbao ziko wazi. Injini ilikuwa chini, imefunikwa. Uwongo wake wa mwaka uliopita ulikuwa umegeuka kweli bila yeye kunyoosha kidole. Aliandika kwa moyo mweupe kabisa.

Mzee Borba alikuwa ameinama juu ya bawa, uso karibu kugusa mbao. Alimuuliza, bila ukali wowote, mwaka jana aliona nini. Lavonne akababaika. Alitamani kumwambia kitu kizuri, kitu kisichomvunja moyo na kisichomfunga yeye.

"Bado kidogo, mzee," alisema. "Bado kidogo tu."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akamshukuru, akarudi kwenye mbao zake.

Mwaka wa tatu ndio uliomchanganya zaidi. Banda lilifunguliwa na mama Connie peke yake. Ndege ilikuwa imesimama tena, kamili, imepakwa rangi upya, mstari wa buluu ule ule. Mzee yuko nyumbani amepumzika, alisema mama. Lavonne alisubiri aombwe. Alikuwa tayari ameshaandaa maneno, kwamba safari hii haitawezekana, kwamba kazi ni kazi. Lakini mama Connie alikuwa akitazama sakafu, taulo halipo, mkate haupo.

"Andika upendavyo," alisema. "Mimi sina neno tena."

Ungedhani Lavonne angefurahi kufunguliwa kamba. Badala yake aliduwaa. Je, wamegombana? Je, mzee amekata tamaa, au mama ameridhika? Kama ataandika ndege leo, watauliza ofisini ilikuwa nini mwaka juzi, na watu wa mabanda ya jirani walioisikia injini ile wapo, tena wana midomo. Alizunguka ile ndege mara mbili, akagusa bawa, akakagua kila mahali kwa tochi ya Hobart kama aliyetafuta sababu. Hakuiona. Akaandika kile alichozoea kuandika, akaondoka kwa haraka, akasahau kuaga.

Na hapo ndipo Pruett alipoingia ofisini kwa Lavonne, wakati wa joto la Julai, na rufaa mkononi. Alikuwa anacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaketi. Borba, alisema, anaikatia rufaa ile sifuri. Anaitaka kaunti imtoze.

Pruett alikuwa amefanya kazi ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi na hakuwahi kuona kioja kama hicho. Watu hukata rufaa ili wapunguziwe. Alijaribu kukipanga kwa sauti: kaunti ikishinda, inakosa pesa; kaunti ikishindwa, inalipwa. Sasa yeye kama mkuu wa idara aombe lipi? Alimwambia Lavonne ampigie mzee, amweleze kwamba amekosea dirisha. Lavonne alipiga. Binti akapokea, akasema baba hajakosea, na kwamba ameshatoa suti kabatini.

Kikao kikawekwa Oktoba, kwenye chumba kile cha ghorofa ya juu chenye bendera na mtungi wa maji. Bodi ya rufaa ina watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa Bi Harriet Nakashima, mwenye mashamba ya pichi, mwanamke mfupi asiyependa kupotezewa muda. Lavonne alikuwa ameketi meza ya kaunti na Pruett pembeni yake. Mlango ulipofunguliwa, aliwaona wanaingia.

Mama Connie alikuwa amemshika mumewe kiwiko. Alikuwa akimnong'oneza: kiti hapa, meza hapo. Mzee Borba alipapasa ukingo wa meza kabla ya kuketi. Alivaa suti nyeusi iliyompwaya, na miwani minene ambayo Lavonne hakuwahi kuiona. Alipopewa karatasi ya kutia sahihi aliisogeza hadi puani, akaizungusha, na mwishowe mkewe akamwekea kidole mahali pa kuandika.

Bi Nakashima alieleza utaratibu, kisha akauliza kama ameelewa sawasawa kwamba mlalamikaji anadai thamani ya mali yake ni ndogo mno.

Mzee akasema ndivyo.

"Bwana Borba, unaelewa kwamba ukishinda hapa utalipa?"

"Naelewa, mama. Nimekuja kwa hilo."

Mmoja wa wajumbe, mhasibu, alikohoa kuficha kicheko. Bi Nakashima alimtazama mpaka akaacha. Kisha akamwambia mzee aeleze sababu zake, kwa maneno yake, asiogope.

Mzee Borba hakuwa mtu wa hotuba. Alianza na baba yake, jinsi alivyokuja mikono mitupu, akakamua ng'ombe wa watu wengine mpaka akanunua wake wanne, na jinsi karatasi ya kwanza ya kodi ilipomjia aliibandika ukutani jikoni, juu ya jiko, ikakaa hapo mpaka ikawa ya kahawia kwa moshi. Mama yake alitaka kuitoa, baba akakataa. Mtu asiyelipia kitu mahali, alisema baba, ni mgeni wa mahali hapo. Yeye mwenyewe alilipia ardhi, akalipia ng'ombe, akalipia mitambo, kwa miaka yote hiyo, na siku aliyouza vyote jina lake likatoka. Nyumba ni ya binti. Gari ni la binti. Ana kitu kimoja tu alichokitengeneza kwa mikono yake, na kaunti inasema si kitu.

"Sikuja kumshtaki mtu," alisema. "Huyu mama, Bi Lavonne, anaona ndege zote za kaunti hii. Jicho lake ni jicho la kazi. Mwaka juzi niliwasha injini mbele yake, nikajua nimemaliza. Karatasi ikaja, inasema haijakamilika. Nikasema, Gil, ameona kitu hukukiona. Nikafungua mabawa. Nikabandua kitambaa chote, nikakagua kila kiungo. Nilipomuuliza, akaniambia bado kidogo. Nimeitafuta hiyo kidogo mwaka mzima. Sijaipata." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nataka aniambie ni nini kimepungua, nikiweke, nilipe, basi."

Pruett alikuwa anapekua kitabu cha mwongozo. Bi Nakashima akageuka.

"Bi Tuttle. Eleza umeona nini."

Lavonne alisimama ingawa haikumpasa kusimama. Alieleza alichokiona Januari: mwili wa mbao, mabawa mawili, injini ya silinda nne, viti viwili, vifaa vyote vya kuongozea vimefungwa. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, wakamwomba aongeze.

"Na kimepungua nini?" aliuliza Bi Nakashima.

Angeweza kutaja kitu. Hata leo anajua kwamba angeweza. Kuna mambo mengi kwenye ndege ambayo wajumbe watatu wa bodi hawayajui, kuna waya, kuna hati za ukaguzi, angetaja lolote na kikao kingefungwa na kila mtu angekwenda kula. Alimtazama mama Connie, akitafuta msaada, akitafuta hata kukatazwa. Mama Connie alikuwa ameangalia mikono yake. Kisha akamtazama mzee, ambaye alikuwa amekaza uso kuelekea upande wake lakini si kwake hasa, kama mtu anayefuata sauti.

"Hakuna," alisema Lavonne. "Hakuna kilichopungua."

"Kwa hiyo ni ndege."

"Ni ndege."

"Tangu lini?"

Pruett alimvuta mkono wa shati. Lavonne hakukaa.

"Tangu mwaka juzi. Tangu aliponiwashia injini. Niliandika vibaya."

Mzee Borba alichezesha midomo, kama aliyekuwa akirudisha miaka nyuma mmoja mmoja ili aone kama hesabu inakubali. Alipozungumza hakuzungumza na bodi.

"Mwaka juzi nilikuwa naona," alisema. "Nilikuwa naona mpaka milimani."

Mhasibu, ambaye hakuelewa, alimuuliza ana maana gani. Mzee alimjibu kwa adabu. Ndege ndogo kama ile haihitaji cheti cha daktari wa marubani, leseni ya gari inatosha kuirusha. Alikuwa nayo. Macho yake yalianza kufifia mwaka jana, wakati mabawa yako mezani, akadhani ni taa za banda ndizo mbaya, akabadilisha taa. Wakati wa kuvuna lozi watu wa leseni walimpima macho na kumnyang'anya. Ile rangi ya mwisho aliipaka kwa kupapasa, mkewe akimwambia mstari unakwenda sawa au unapinda.

Lavonne alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema samahani na akaona neno lenyewe halifai hata kulitoa mdomoni. Na kabla hajapata jingine, mama Connie alisimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Ni mimi niliyemwomba," alisema. "Msimtese huyu binti. Nilimpelekea mkate, nikamwomba asiandike. Niliogopa utaanguka, Gil."

Mzee hakugeuka. Bi Nakashima, ambaye kwa mara ya kwanza hakujua aangalie wapi, aliwaomba wajumbe wapige kura ili watu wapumzike. Wakapiga. Walikubali kwamba ni ndege, wakakubali thamani ambayo Lavonne aliitaja kwa sauti isiyosikika, wakaamuru iandikwe kwa jina la Gilberto Borba katika orodha ya kodi ya kaunti ya Almendra. Pruett alinong'ona kwamba kisheria kuna miaka miwili ya nyuma pia, na faini, lakini hajui faini ni ya nani.

Lavonne alitoka nyuma yao kwenye ukumbi wa juu wa ngazi. Hakujua amwendee yupi. Mmoja aliliamini jicho lake, mwingine aliuamini moyo wake, na yeye aliwasikiliza wote wawili, na sasa hakuona hata mmoja ambaye angeweza kumtazama usoni. Kama asingeandika alivyoandika, huenda mzee angekuwa ameanguka na ndege ile kwenye mashamba ya lozi, na mama Connie angekuwa mjane. Huenda pia angekuwa ameruka asubuhi moja, akatua, akala chakula chake cha mchana. Alivigeuza vyote viwili kichwani na havikukaa.

Mzee Borba alisimama juu ya ngazi, mkono kwenye chuma cha kushikia. Mkewe alikuwa hatua moja nyuma, hajui kama anaruhusiwa kumshika.

"Conceição," alisema mzee. "Ulidhani ningekwenda peke yangu?"

Mama Connie aliinua uso.

"Michoro niliyonunua ilikuwa ya kiti kimoja. Kile cha pili nilikiongeza mimi. Kimenichukua miaka miwili, kwa sababu ya uzito. Ulifikiri nakijenga kwa ajili ya nani?"

Mama Connie alifunika mdomo kwa mkono. Watu walikuwa wakipanda na kushuka, wengine na karatasi zao za kodi, wakiwapita pembeni na kuomba njia. Kisha mama akashusha mkono, akamshika mumewe kiwiko kwa nguvu, akamwambia kwamba hapa kuna ngazi, ashuke taratibu.